Mrija wa Shaba: Historia ya Jini ya Bei Nafuu Afrika Mashariki

Jini ni miongoni mwa pombe kali zilizo rahisi zaidi kuzifikisha sokoni. Wiski ya Scotland hairuhusiwi kuitwa wiski mpaka ilale kwenye pipa la mwaloni miaka 3, hiyo ni sheria, na muda wote inapolala kuna anayelipia ghala huku sehemu ya pombe ikipotea hewani. Jini haina gharama hizo. Ikitoka kwenye mtambo asubuhi, jioni yaweza kuwa kwenye glasi. Ndiyo maana tangu zamani imekuwa kinywaji cha watu wenye fedha kidogo, na ndiyo maana serikali nyingi, kwa karne tatu sasa, zimehangaika nayo.

Nimetunza stoo za vinywaji katika hoteli za Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Mtunza stoo anajua bei ya kununulia, si ile iliyoandikwa kwenye menyu, na anajua chupa ipi inarudi tupu haraka na ipi inakaa rafu ikipigwa vumbi. Kabla ya hapo nilikulia Kanyigo, mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Uganda, katika nyumba ambayo ada zetu za shule zilitokana na pombe ya ndizi. Kwa hiyo vijana walioanza kazi juzi wakiniuliza jini gani ni nzuri na haiumizi mfuko, jibu langu ni fupi: ukiwa Dar, Konyagi; ukiwa Bukoba au Kampala, Uganda Waragi; na zote uzinunue kwenye chupa iliyofungwa kiwandani. Ila nyuma ya jibu hilo kuna historia ndefu, na ndani yake wamo watu ambao hawakutajwa kwenye lebo yoyote.

Tuanze na jini ni nini. Ni kileo kilichokwisha kukenekwa kikawa safi, kisha kikatiwa harufu ya vitunda vidogo vya mti wa jamii moja na mtarakwa wetu, ule mti wa mbao nyekundu yenye harufu nzuri unaoota Aberdare, Mau na Shume kule Usambara. Waholanzi ndio waliokuwa mabingwa wa kinywaji hicho. Waingereza walikipenda, na William wa Tatu, mtu wa Uholanzi, alipokalia kiti cha ufalme wa Uingereza mwaka 1689, brandi ya Ufaransa ikazuiwa kwa sababu ya vita, na sheria ya mwaka 1690 ikafungua milango kwa karibu kila aliyetaka kukeneka pombe ya nafaka ya Kiingereza. Wenye mashamba walifurahi, maana shayiri yao ilipata mnunuzi.

Kufikia miaka ya 1730 London ilikuwa imelewa. Jini iliuzwa kwenye vyumba vya chini, kwenye vibanda, kwenye vikapu vya wachuuzi mitaani. Wauzaji wengi walikuwa wanawake maskini, kwa kuwa ilikuwa biashara isiyodai mtaji wala karakana. Vitunda vya kutia harufu viligharimu fedha, kwa hiyo wengine walitia tapentaini, na asidi ya salfa ili pombe iume kooni. Mwaka 1736 Bunge likaja na dawa kali: leseni ya pauni 50 kwa mwaka na kodi ya shilingi 20 kwa kila galoni. Hakuna mchuuzi wa mtaani aliyeweza kulipa pauni 50. Watu wakafanya mazishi ya bandia ya jini barabarani, kisha wakaendelea kuuziana gizani. Kuna bwana mmoja, Dudley Bradstreet, aliyekodi nyumba akaning'iniza dirishani sanamu ya paka: mteja alitia sarafu mdomoni mwa paka, na jini ikamiminika kwenye bomba lililofichwa chini ya mguu wa yule paka. Mtoa habari wa serikali hakuwa na sura ya muuzaji ya kuipeleka mahakamani.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1743. Ile iliyofanya kazi ilikuja mwaka 1751, mwaka uleule ambao mchoraji William Hogarth alitoa picha zake mbili za mtaa wa jini na mtaa wa bia. Ilipandisha kodi kiasi, ikawabana wapikaji wasiuze rejareja ovyo, na ikatoa leseni kwa watu wenye nyumba za kuuzia zinazojulikana. Mavuno mabaya ya mwaka 1757 nayo yakalazimisha nafaka iokolewe kwa ajili ya mkate. Baadaye, mwaka 1830, Aeneas Coffey wa Dublin, aliyekuwa ofisa wa kodi ya pombe, alipata hataza ya mtambo unaopika mfululizo bila kusimama, na unaotoa kileo safi kwa bei ndogo sana. Mtambo wa namna hiyo ndio mama wa kila jini ya bei nafuu unayoiona leo, Konyagi ikiwamo.

Nimeyaeleza ya London kwa sababu yalijirudia kwetu karibu hatua kwa hatua, ila kwetu yaliongezewa rangi ya ngozi.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels. Ulihusu utumwa na silaha, na ndani yake ulikuwa na sura nzima ya pombe kali: kati ya nyuzi 20 kaskazini mwa Ikweta na nyuzi 22 kusini, pombe kali isiingizwe wala kutengenezwa pale ambapo wenyeji hawajaizoea. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, mkataba mwingine ukakaza zaidi. Hapakuwa na ubaya kuzuia shehena za jini mbovu iliyokuwa ikimwagwa Afrika Magharibi kubadilishana na mawese. Lakini katika Kenya, Uganda na Tanganyika sheria zilizozaliwa na mikataba hiyo zilimaanisha kitu kimoja tu: Mzungu akae barazani klabuni na jini yake yenye maji ya kwinini, na mpishi aliyemletea glasi akamatwe akionja. Mwafrika aliruhusiwa pombe ya kienyeji, na mijini aliinywea kwenye vilabu vya manispaa ambavyo faida yake iliendesha ofisi za manispaa yenyewe. Chupa ya pombe kali ilikuwa kosa la jinai kwake hadi miaka ya mwisho ya ukoloni.

Sasa, pombe tulikuwa nayo. Mtama, ulezi, nazi, asali, ndizi, kila eneo na yake. Tulichokuwa hatuna katika nchi za maziwa makuu ni mrija, yaani ujuzi wa kuchemsha pombe, kuunasa mvuke wake na kuupoza uwe kimiminika tena. Ujuzi huo uliletwa na jeshi.

Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri katika jimbo la Ikweta huko Sudan ya kusini, alipoondolewa na mpelelezi Stanley mwaka 1889 aliacha nyuma mamia ya askari wake wa Kisudani pamoja na familia zao, kusini mwa Ziwa Albert. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwafuata huko Kavalli akawaingiza Uganda, wawe jeshi la kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikishika nchi hiyo. Hao ndio Wanubi. Walikuja na wake, watoto, watumishi, na walikuja na araki, pombe kali ya dunia ya Kiarabu na Kituruki ambayo katika Misri na Sudan hupikwa kwa tende. Uganda hakuna tende. Kuna ndizi, mihogo, ulezi. Wanawake wa Kinubi walipika kilichopo, na kinywaji kikaitwa waragi. Mji wa Bombo, kaskazini mwa Kampala, ukawa makao yao.

Wengine walifuata jeshi hadi Nairobi. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wa Kisudani waliostaafu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipewa ardhi pembeni mwa mji, msituni, mahali walipopaita Kibra, ndiyo Kibera ya leo. Pensheni hawakupewa. Walipewa ruhusa ya kukaa tu, bila hati. Askari mzee asiye na pensheni, akizungukwa na mji unaojaa vibarua waliokatazwa chupa ya dukani, ataishi kwa nini? Wanawake wa Kibera walijibu kwa mrija. Jini ya Kinubi ikawa na jina Nairobi nzima katika miaka ya 1920 na 1930. Maofisa waliandika barua kuilalamikia, na polisi waliivamia. Nikisoma habari za Kibera magazetini leo, za mifereji na vibanda, huwa natamani mwandishi mmoja ataje kwamba mtaa ule ulijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za wapikaji hao. Mama wa Kinubi aliyelea watoto kwa mtambo wake anastahili ukurasa katika historia ya biashara ya Kenya kama anavyostahili mkulima wa chai.

Ndivyo mrija ulivyofika na kwetu Kagera. Mji wa Bukoba wenyewe ulianzishwa mwaka 1890 kama kituo cha Wajerumani na huyohuyo Emin Pasha, safari hii akiwa mtumishi wao, na Wissmann, kamanda wa jeshi la Wajerumani, naye alikuwa amekwisha kuajiri askari wa Kisudani huko Cairo mwaka uliotangulia kwa ajili ya pwani. Mpaka na Uganda ulikuwa mstari wa ramani. Ndugu walivuka, ng'ombe walivuka, na mrija ukavuka.

Nieleze bibi yangu mzaa mama alivyoifanya kazi hiyo, maana waandishi wengi wa habari za gongo, yaani pombe kali ya kienyeji, hawajawahi kukaa karibu na mtambo, wanaandika kutoka kituo cha polisi.

Kazi ilianza na rubisi. Ndizi za pombe zilivundikwa shimoni siku kadhaa, shimo likiwa limetandikwa majani ya migomba na kupashwa joto la moto. Zikiiva zilimenywa, zikatiwa kwenye obwato, mtumbwi wa gogo lililochongwa, na wanaume wakazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi mpaka maji matamu yakaachana na nyama. Maji yale yakachujwa, yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani. Kesho yake ni rubisi, kinywaji cha harusi, cha msiba, cha mahari. Hicho bibi hakukigusa. Alichonunua yeye ni kilichobaki: rubisi ya siku nne au tano iliyochachuka, ambayo hakuna mgeni ambaye ungethubutu kumpa. Biashara yake ilisimama juu ya mabaki, na hilo ni jambo la kuheshimika katika nchi ambayo shamba la mgomba ndilo benki.

Mtambo ulikuwa pipa, na mfuniko wake ulizibwa kwa udongo uliokandwa na majimaji ya mgomba. Kutoka kwenye mfuniko ulitoka mrija wa shaba, ukapita katikati ya hori lililojaa maji baridi, ukaishia kwenye mdomo wa chupa. Mrija ule ulikuwa mali kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Ulisuguliwa kwa majivu na ndimu baada ya kila mpiko, na usiku ulilala chini ya kitanda. Bibi hakukubali bomba la chuma wala la plastiki, na radieta ya gari, ambayo wapikaji wengine waliitumia kupozea, hakutaka hata kuisikia. Hakujua kemia, lakini alikuwa sahihi mara mbili. Shaba hunasa salfa iliyomo kwenye mvuke, ile inayoleta harufu ya yai viza. Na radieta za zamani zimeunganishwa kwa risasi, ambayo inayeyukia kwenye pombe na kumwua mnywaji polepole.

Moto ulikuwa wa kuni chache. Moto mkubwa unaifanya rubisi ipande na kutapika ndani ya mrija, pombe inatoka na rangi. Akikaa kwenye kigoda chake, alisikiliza pipa. Matone ya kwanza, yanayochoma pua, aliyakinga kwenye kikopo cha pembeni. Hayo yalikuwa ya kuchulia magoti ya wazee, hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa. Kisha yakaja ya katikati, na hapo alibadilisha chupa. Alikuwa akiitikisa chupa na kutazama povu: likisimama kama shanga na kukaa, pombe ina nguvu, likipotea mara moja, imeanza kuwa maji. Aliwahi kumwaga kidogo juu ya jiwe la moto kuona kama itawaka bluu, ila hiyo aliifanya zaidi kwa ajili ya wateja. Ya mwisho, yenye harufu ya uchachu na weupe kidogo, aliyarudisha kwenye pipa la mpiko unaofuata. Wateja waliotaka enkonyagi, ndivyo tunavyoiita gongo kwetu, iliyo safi kabisa walilipa zaidi, naye akaipika mara ya pili.

Mwenye kiwanda kikubwa anayesoma hapa ataona kwamba bibi alikuwa akifanya kila anachofanya yeye: kuondoa kichwa, kuchukua moyo, kurudisha mkia, kupika tena. Kilichokosekana ni kipimo cha kilevi, na sheria ya kumruhusu.

Sheria zilikaribia kumruhusu. Uganda huru ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965. Enguli ndilo jina la pombe ya ndizi iliyopikwa vijijini. Sheria ilisema mtu asipike bila leseni, na aliye na leseni auze kwa kiwanda kilichokubaliwa na serikali, nacho kitaipika upya, kitaisafisha na kuitia chupani. Ndivyo ilivyozaliwa Uganda Waragi: pombe ya kijiji iliyopikwa mara tatu, ikatiwa harufu ya jini, ikapewa chupa na lebo. Tanganyika ilipokwisha kuwa Tanzania nasi tukatunga yetu, Sheria ya mwaka 1966 ya Kutengeneza na Kukeneka Moshi, moshi likiwa jina la zamani la gongo. Kwa miaka mingi baadaye majalada ya mahakama za mwanzo na za wilaya yalijaa watu walioshitakiwa kwa sheria hiyo kwa kukutwa na chupa moja au mbili.

Ile ya Uganda ilikuwa na wazo bora kuliko lolote lililofanywa London au Nairobi, na nalisema hilo kwa moyo wote. Haikumwita mpikaji mhalifu. Ilimwita mzalishaji wa malighafi, kama mkulima wa kahawa anavyopeleka kahawa yake kwa chama cha ushirika. Kasoro yake ilikuwa kwenye utekelezaji. Wachache walijisumbua kuchukua leseni, kwa sababu jirani alilipa zaidi ya kiwanda na alilipa papo hapo. Miaka ya vurugu ilipofika, nani angekagua mitambo ya vijijini? Kiwanda chenyewe kikahamia kwenye kileo kingine kinachonunuliwa kwa wingi. Leo Uganda Waragi inatoka Port Bell, kando ya Ziwa Victoria, chini ya kampuni ya bia, na mama wa ndizi hayumo tena kwenye mnyororo.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Miwa yetu, ya Kilombero, Mtibwa, TPC Moshi, inaacha molasi baada ya sukari kutolewa, na molasi ni chakula kizuri cha hamira. Kiwanda cha Tanzania Distilleries, Chang'ombe, Dar es Salaam, kikatoa Konyagi, kinywaji cheupe cha asilimia 35. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka jini iwe na angalau asilimia 37.5 na harufu ya vitunda vile iwe juu ya nyingine zote, kwa hiyo wao hawataiita jini. Hilo halinisumbui. Inakaa mahali pa jini kwenye kaunta, inachanganywa kama jini, na mnywaji wa Kariakoo anaijua kuwa hivyo. Katika miaka ya 1970 na 1980, wakati fedha za kigeni hazikuwepo na chupa ya jini kutoka London ilikuwa ya mabalozi, mimi na wenzangu wa stoo tuliona baa za nchi hii zikiendeshwa na chupa hiyo moja. Ilikuja bila vibali vya kuagiza. Ilikuwa yetu, na ilikuwa salama.

Salama ndilo jambo lenyewe. Novemba 2000, kwenye mitaa ya maskini ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe ya shilingi kumi iliyoitwa kumi kumi. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kusini magharibi mwa Uganda, wengi wao Kabale. Mwaka 2014 ikawa tena Kenya. Kila mara magazeti yalilaumu pombe ya kienyeji. Lakini ndizi au mtama uliopikwa vizuri hautoi methanoli ya kuua kijiji. Methanoli inayoua kwa wingi namna hiyo ni ya viwandani, ya kutengenezea rangi na gundi, inayonunuliwa kwa pipa na mfanyabiashara anayetaka kurefusha pombe yake kwa bei ndogo. Yeye si mpikaji. Hajawahi kukaa kigodani kusikiliza pipa. Ni ndugu wa yule wa London aliyetia tapentaini, na anastawi palepale ambapo mpikaji wa kweli amekatazwa kuonekana, kwa kuwa gizani mteja hawezi kuwatofautisha.

Kenya iliipiga marufuku chang'aa, ndiyo gongo ya kwao, kwa sheria maalumu ya mwaka 1980, na miaka 30 ikapita bila chang'aa kupungua. Sheria ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilifuta ile na kusema chang'aa iruhusiwe ikipikwa kwa leseni na kutiwa chupani. Masharti yake lakini yalikuwa ya kiwanda. Mama wa Mathare, mtaa wa maskini wa Nairobi, hana fedha za kununua mashine ya kufungia chupa. Ni zile pauni 50 za mwaka 1736, zimevaa nguo nyingine.

Viroba ni habari tofauti, na hapa nilikuwa upande wa serikali. Vifuko vile vya plastiki vya pombe kali vilikuwa vikiuzwa kwa bei ya mia tano hivi, mtoto wa shule angeweza kuficha viwili kwenye soksi. Dereva wa bodaboda alikunywa kimoja kabla ya abiria wa kwanza. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2004. Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alitangaza Februari 2017 kwamba kuanzia Machi 1 havitauzwa tena Tanzania, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Wapo waliosema maskini ananyimwa kinywaji chake. Mimi naona maskini aliheshimiwa. Jini nafuu haipaswi kuwa nafuu kiasi cha kunywewa bila kufikiri. Chupa ndogo ya kioo, yenye kifuniko, inaweza kufungwa na kurudishwa kabatini.

Kuhusu kununua, basi, haya ndiyo ninayowaambia vijana. Konyagi haitaki kunywewa peke yake. Ina utamu wa miwa kwa mbali na inafurahia ukali wa kitu kingine. Tangawizi ya soda inaifaa kuliko toniki. Maji ya dafu yanaifaa kuliko vyote, na barafu, na ndimu iliyokamuliwa papo hapo. Uganda Waragi ina asilimia 40 na harufu ya jini iliyo wazi zaidi, hiyo ndiyo ya toniki. Gilbey's inayopatikana Kenya ni ya kuaminika na bei yake si mbaya, ila haina tabia. Jini za nje zenye chupa za rangi na maua, zinazouzwa mara tano ya hizo, unalipia usafiri, ushuru na chupa. Kagua stika ya mamlaka ya mapato na kifuniko kabla hujatoa pesa, na muuzaji akikupa bei iliyo chini sana ya jirani zake, mwache na chupa yake.

Siku hizi kuna kampuni Nairobi, Procera, inayotia kwenye jini vitunda vibichi vya mtarakwa wa Kenya badala ya kuagiza vikavu vya Ulaya. Nimeonja. Ni kinywaji cha ajabu, chenye harufu ya msitu baada ya mvua, na bei yake ni ya watalii. Lakini imeonyesha kwamba mti uleule tuliokuwa tunaukata kwa ajili ya penseli na nguzo za uzio unatoa kiungo cha jini iliyo bora kabisa, na unaota hapa.

Kwa hiyo hesabu ninayoipiga ni hii. Shume kuna mtarakwa. Kagera kuna ndizi za pombe, na kuna wapikaji, wengine ni binti za waliofundishwa na bibi yangu, ambao hadi leo wanaficha mrija polisi wakipita. Chama cha ushirika kikiwapa kipimo cha kilevi na mrija wa shaba, kikanunua enkonyagi yao kwa bei inayomshinda jirani, kikailipia siku ileile, kikaipima methanoli maabara, kikaipika tena na vitunda vile kwenye mtambo mmoja ulioko Bukoba, chupa ingetoka bila molasi ya kusafirisha kutoka Kilombero na bila kiungo hata kimoja cha kuagizwa. Uganda ilikuwa na nusu ya mpango huo kwenye karatasi tangu mwaka 1965. Kilichokuwa kimekosekana ni bei ya haki kwa mpikaji, na hiyo inaweza kupangwa kwenye mkutano mmoja wa wanachama.